Mlango wa Choo Una Sentimita Ngapi?

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya watumiaji wa viti mwendo na ndugu wanaowasindikiza safarini

Shikamooni wazee wangu. Na wengine wote, habari za asubuhi. Naona na wanafunzi wangu wa zamani wamejipanga huko nyuma, mmenenepa, hongereni.

Hii niliyoshika ni futi ya fundi cherehani. Niliinunua Mbuyuni, bei yake haifiki nauli ya bajaji kutoka hapa hadi mtaa wa Soweto. Nimekwenda nayo Uholanzi, Uingereza, Dubai na India. Katika vyote ninavyofungasha, ukiacha paspoti na mto wangu wa kukalia, hakuna kilichoniokoa mara nyingi kama hiki. Nimeitwa kuzungumza habari za kusafiri nchi za watu, na nitazungumza, ila msishangae nikirudi kila mara kwenye mlango wa choo.

Mwaka 2009 Mmarekani mmoja, Chris Waddell, ambaye miguu yake ilipooza kwa ajali ya kuteleza kwenye theluji, alipanda Kilimanjaro kwa kigari cha kuzungusha kwa mikono. Watu wa Moshi tunapenda kuisimulia hiyo. Mimi nikiisikia hujiuliza jambo la kishamba kidogo: usiku wa kuamkia safari alilala wapi, na bafuni aliingiaje? Mlimani una wapagazi na waongozaji. Choo cha hoteli unakutana nacho peke yako saa tisa usiku.

Safari yangu ya kwanza nje baada ya ajali iliyoniweka kwenye kiti hiki ilikuwa ya kumtembelea binti yangu. Tulipanga tulale siku nne katika mji mmoja wa Ulaya. Hoteli siitaji. Binti akawaandikia: je, hoteli yenu inamfaa mgeni wa kiti mwendo? Wakajibu siku hiyohiyo kwamba ndiyo, lifti ipo, karibuni sana. Hawakusema uongo, lifti ilikuwepo. Ila kabla ya kuifikia kulikuwa na vidato vitatu. Vijana wawili wakaninyanyua na kiti changu kama wanahamisha kabati. Juu, mlango wa chumba nikapita. Wa choo nikagota. Kiti changu, ukipima ukingo wa gurudumu hili hadi ukingo wa lile, ni sentimita 64. Ule mlango ulikuwa 58. Siku nne nikaoga kwa beseni na kitambaa katika chumba cha nyota nne. Mengine sitayasema mbele ya wazee.

Nilikasirika, lakini baadaye nikaona kosa limeanzia kwenye swali letu. Ukimuuliza mtu wa mapokezi kama hoteli "inafaa", anamfikiria bibi yake anayetembea na mkongojo. Kwake inafaa! Tangu hapo siulizi kama inafaa. Nauliza sentimita.

Kwa hiyo kabla hujachagua nchi, jipime mwenyewe. Waliotengenezewa kiti pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, wanajua fundi alivyowapima nyonga na paja kabla ya kukata chuma. Nawe fanya hivyo nyumbani. Pima upana wa kiti ukiwa umeshika magurudumu, vidole vikiwemo, maana vidole ndivyo vinavyochubuka. Pima urefu wa kiti kutoka ukingo wa nyuma wa magurudumu hadi ncha za viatu vyako. Pima kalio la kiti liko juu kiasi gani kutoka sakafuni, mto ukiwemo. Halafu jua unahamia chooni kwa upande gani, kulia au kushoto. Mimi ni wa kushoto. Choo kilichobanwa na ukuta upande wangu ni picha tu ya choo.

Vipimo hivyo ndivyo unavyovitumia kumhoji mwenye hoteli. Mlango: usikubali upana wa fremu. Unataka nafasi inayobaki mlango ukiwa wazi kabisa, kwa sababu ubao wenyewe na bawaba hula sentimita kadhaa. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyo chini ya sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990, vinataka nafasi hiyo isipungue sentimita 81. Mimi hupita kwenye 70 kwa kukunja viwiko, lakini sifanyi hivyo nikiwa na mfuko wa mkojo uliojaa.

Vidato: ukiambiwa ni vitatu tu na tuna ubao wa kuweka, fanya hesabu. Mteremko salama kwa kipimo hichohicho cha Wamarekani ni kupanda sentimita 1 kwa kila 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 18 ni 54. Zidisha kwa 12, unapata karibu mita sita na nusu. Ubao wa mita mbili hapo ni wa kupandishia mbuzi.

Kitanda husahaulika. Hoteli za siku hizi zinapenda magodoro mazito, kitanda kinafika kiunoni mwa mtu aliyesimama. Kalio la kiti changu liko sentimita 50. Kushuka kwenye kitanda cha 68 naweza, kukipanda siwezi bila kusukumwa.

Sasa bafu, na hapa nitakaa kidogo. Wengi wenu mnadhani ukipewa chumba cha mlemavu Marekani, bafu litakuwa la kuingia na kiti moja kwa moja. La hasha. Kwa viwango vile vya 2010, hoteli yenye vyumba visivyozidi 50 hailazimiki kuwa hata na bafu moja la namna hiyo. Inaweza kukupa chumba chenye alama ya kiti mlangoni, na ndani ukakuta lile birika refu la kujilaza, lenye vyuma ukutani na kigoda cha kukalia. Kwa aliyekatika uti wa mgongo juu kama mimi, kuvuka ukingo wa birika ni sarakasi. Kwa hiyo taja kabisa: nataka sehemu ya kuogea ambayo sakafu yake iko sawa na ya chumba, bila ukingo, na kiti cha kukalia chenye kuhimili maji. Jambo moja jema la huko: tangu Machi 2012 kanuni zao zinaitaka hoteli ihakikishe kwamba chumba cha aina hiyo ulichokishika ndicho utakachopewa, asije kugawiwa mtu aliyefika mapema.

Bafu bora kuliko yote niliyowahi kuogea safarini halikuwa la Marekani wala Ulaya. Lilikuwa Chennai, India, nilikokwenda kwa matibabu, kwenye nyumba ya wageni isiyo na nyota hata moja. Sakafu tupu yenye mwinamo kuelekea tundu la maji, ndoo, kata, na kigoda cha plastiki. Kama kwetu! Niliingia na kiti, nikajimwagia maji hadi nikaimba. Nyota za hoteli zinahesabu vitu vingine.

Ukishapata majibu, omba picha. Mwambie mhudumu afungue mlango wa choo, anyooshe futi pale chini, apige kwa simu. Wapo wanaofanya ndani ya saa moja. Wapo wanaojibu kwa picha ya bwawa la kuogelea. Hao nimeshajua wanachonificha.

Kuhusu miji, mimi nina kanuni yangu: ulizia umri wa treni. Reli ya chini ya ardhi ya London ilianza 1863, ikachimbwa na watu waliojua ngazi tu. Hadi leo, kati ya vituo vyake 272, takriban kimoja kwa kila vitatu ndicho unachofika bila ngazi. Ya Paris ni ya 1900. Njia yake pekee inayopitika yote kwa kiti ni ile ya 14, iliyofunguliwa 1998. Sasa nenda Dubai, treni ya 2009, au Delhi, ya 2002: lifti zipo, na unaingia behewani bila kubebwa. Ni kama mwendokasi ya Dar, iliyoanza 2016, na daladala yetu ya Kiboriloni. Mwendokasi jukwaa limelingana na mlango. Kwenye daladala konda anakutazama wewe, anatazama kiti, halafu anagonga bodi gari liondoke.

Lakini msiitupe London. Mabasi yake yote yana ubao wa kutelemka mlangoni, na zile teksi nyeusi zote hupokea kiti mtu akiwa amekikalia. Nilizunguka wiki nzima bila kuigusa treni. Na Venice, yenye madaraja zaidi ya 400, ambayo kila mtu atakukataza? Boti za abiria za pale unaingia na kiti. Ukichagua hoteli karibu na gati, daraja huvuki. Ndiyo maana sipendi orodha za miji mizuri na mibaya.

Ndugu zangu Waislamu wanaokwenda Makka: kati ya Safa na Marwa kuna njia ya katikati iliyotengwa kwa viti. Ila mji wenyewe ni wa vilima. Mkiambiwa hoteli iko mita 600 kutoka msikitini, ulizeni ni mita za kupanda au za tambarare.

Ndege kwa ufupi, chai isipoe. Mashirika yana alama tatu: WCHR ni anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS ni asiyeweza ngazi, WCHC ni asiyetembea kabisa, abebwe mpaka kwenye siti. Hakikisha imeandikwa yako, siku mbili kabla, kwani Ulaya kanuni yao ya 2006 inataka saa 48. Mara zote nilizopanda KIA ndege ilikuwa uwanjani na ngazi, kwa hiyo herufi moja ikikosewa mtaanza kujadiliana juani. Betri za lithiamu zinazotolewa kwenye kiti zisizidi wati-saa 300, nazo unaingia nazo ndani, hazishuki na mizigo. Na kiti kikivunjwa? Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999 kiti ni mzigo, na fidia ina kikomo, sasa ni kama dola 2,000. Kama chako ni ghali zaidi, andikisha thamani yake kabla hujakikabidhi. Kipige picha pande zote, mbele ya aliyekipokea.

Mama wa kitenge cha bluu anauliza: mwanawe analipiwa safari ya Dubai mwezi ujao, hoteli ameshachaguliwa na kampuni, afanye nini? Mama, hoteli kuchaguliwa si neno. Chumba je? Aandike leo, kwa namba, aombe picha ya mlango wa choo na futi ikiwa imenyooshwa. Wakikosa, kampuni ibadilishe mapema, kabla hajafika na begi. Njoo uchukue futi hii, mimi ninazo nyingine nyumbani.

Chai iko nje. Wenye viti tupitie mlango wa jikoni. Huu wa mbele una kizingiti cha sentimita tisa, nimekipima asubuhi.