Kutayarisha nyumba kwa mtoto wa paka baada ya paka wa kwanza kufa

Habari zenu, karibuni tena. Leo tuko Umoja, hapa Nairobi, nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Wenyewe wamefiwa na paka, na watoto washaanza kuuliza mwingine anakuja lini. Poleni, na pole kwako pia unayetazama kama ndiyo hali yako. Kazi ya leo ni ya siku moja. Ukiwa na roshani, hesabu mbili.

Kabla hujashika ndoo, jibu swali moja: yule wa kwanza alikufa na nini? Siulizi kwa umbea. Jibu lako ndilo linaloamua usafi utakaofanya, na video nyingi za paka zinaliruka zikakimbilia vitanda vya kupendeza.

Aligongwa na gari, au figo zilichoka kwa uzee: fua, piga deki, mwingine aingie hata kesho. Alikuwa na ukimwi wa paka au lukemia ya paka: virusi hivyo havina maisha marefu nje ya mwili, vikikauka vinakufa, usafi wa kawaida unatosha. Daktari alisema ni FIP, ugonjwa unaotokana na kirusi cha korona cha paka: safisha, halafu subiri miezi miwili. Alibadilika tabia ghafla, akatokwa na mate, akauma au kukwaruza mtu kabla ya kufa: zima video hii, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali sasa hivi ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka tutamzungumza ukirudi.

Sasa ile mbaya. Alitapika, akaharisha, akakataa chakula, akafa ndani ya siku chache, na hakuwa amechanjwa. Hapo shuku panleukopenia, ile wanayoita parvo ya paka. Kirusi chake kinaweza kukaa ndani ya nyumba mwaka mzima kikingoja. Dettol haikiui, na Dettol yenyewe ni sumu kwa paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja. Kama hujui alikufa na nini, safisha kana kwamba ni hii.

Haya, ndoo. Kevo wa kamera, sogea.

Sabuni kwanza. Omo, sabuni ya kipande, yoyote uliyo nayo. Sugua sakafu, kuta hadi kimo cha kiuno, miguu ya viti, nyuma ya mlango. Suuza. Sabuni kwanza, nasema tena, kwa sababu Jik, dawa ya klorini tutakayoitumia baadaye, ikikutana na uchafu, mafuta au kinyesi inamalizia nguvu zake hapo na kirusi kinabaki salama salimini. Na pale paka alipokojoa ndiyo kabisa: Jik juu ya mkojo inatoa hewa kali ya kukaba koo. Osha mkojo wote utoke, suuza, ndiyo uje na Jik.

Vipimo. Soma lebo ya chupa. Jik ya kawaida hapa kwetu ina karibu asilimia 3.5 ya dawa yenyewe. Kwa hiyo mililita 50 kwenye lita moja ya maji. Ndoo ya lita 10 inachukua nusu lita. Maji baridi, siyo ya moto. Fungua madirisha, vaa glavu. Usitie siki humo, usitie dawa ya choo, usitie Dettol "kuongeza nguvu". Hakuna nguvu inayoongezeka, ni mapafu yako yanayopungua.

Paka mchanganyiko huo sakafuni, halafu iache sakafu ikiwa imelowa dakika 10. Angalia saa. Hapa ndipo watu wanaharibu: wanapangusa ikakauka baada ya dakika mbili, wanaona kazi imeisha. Ikianza kukauka, ongeza. Dakika 10 za kulowa. Kisha suuza kwa maji matupu mara mbili, kwa sababu mtoto wa paka atakanyaga hapo na kulamba nyayo. Mchanganyiko uliobaki mwaga, kesho hauna nguvu.

Sofa na zulia huwezi kumwagia Jik, utabaki na madoadoa. Nenda agroveti uulize Virkon, dawa ya kuua vijidudu, ile wafugaji wa kuku wanaitumia. Gramu 10 kwa lita moja ya maji, dakika 10 vilevile, na ujaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Blanketi na mito ya marehemu, kama alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, tupa. Vivyo hivyo bakuli za plastiki zenye mikwaruzo, beseni la choo na ule ubao wa kukwaruzia. Najua inauma. Weka picha, weka kola ya chuma ukishaiosha. Bakuli za stili zinasafishika, hizo baki nazo.

Na hata ukisafisha namna hiyo, kwa nyumba iliyopitiwa na panleukopenia mlete aliyemaliza chanjo, yaani aliyevuka wiki 16 na kupata ile ya mwisho angalau wiki mbili zilizopita. Usije na wa wiki nane. Ukichukua kutoka KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Karen, au kwa jirani, uliza kadi ya chanjo uisome mwenyewe.

Chumba. Mtoto wa paka hapewi nyumba nzima siku ya kwanza, anapewa chumba kimoja, ikiwezekana siyo kile alicholala mwenzake. Tutatumia hiki cha watoto. Funga mlango, hakuna...

Ngoja. Kevo, rudisha kamera pale chini. Zima taa. Mnaona huo mwanga chini ya mlango? Hiyo nafasi ni kubwa. Kipimo changu ni vidole viwili: vikiingia vikiwa bapa, ziba. Kichwa kikipita, mwili unafuata, usidanganywe na manyoya. Kunja taulo la zamani, lisukume hapo, au pigilia kipande cha mpira chini ya mlango. Na tukiwa hapo hapo, twende jikoni haraka tuone chini ya sinki. Ndiyo. Bomba linapotokea ukutani kuna tundu la ngumi nzima. Jaza waya wa kusugulia sufuria, halafu simiti juu yake. Nyuma ya friji pia. Mtoto wa paka aliyeogopa anakwenda mahali penye giza na joto, na nyuma ya friji pana vyote viwili.

Turudi. Okota sakafuni: uzi, sindano, mipira ya kufungia pesa na, sikilizeni vizuri, nywele za kusukia. Nyumba ya Nairobi inayosukiwa rasta ina nyuzi za nywele kila kona. Paka akimeza, ulimi wake una miiba inayosukuma kitu ndani, hawezi kutema. Uzi unakamata utumbo na kuukunja. Ukiona uzi umetokeza nyuma yake, usivute. Usivute hata kidogo, utakata utumbo. Peleka kwa daktari hivyo hivyo.

Maua: lili haiingii nyumba yenye paka. Wale mnaonunua shada City Market, lili nzuri sana, lakini hata unga wake au maji ya chombo yanaua figo za paka. Panadol pia, kidonge kimoja kinatosha kuua. Sumu ya panya nje. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, hata tone usimpake.

Choo chake. Beseni la Kamukunji, la bei ya chini kabisa, kata upande mmoja ubaki na ukuta wa sentimita 7 ili apande bila kupigana. Laini makali ya ulipokata kwa msasa. Mchanga wa paka wa aina ya kuganda usimpe aliye chini ya miezi mitatu, maana wanaonja kila kitu na ule unavimba tumboni. Karatasi za gazeti zilizochanwa zinafaa, au maranda makubwa ya mbao isiyopakwa dawa. Kina sentimita 3 hadi 5. Liweke mbali na chakula, upande mwingine wa chumba. Mimi napenda gazeti, ni bure na halitimui vumbi.

Chakula: uliza alikokuwa anakula nini, umpe hicho hicho, kidogo kidogo mara nne kwa siku, na ukitaka kubadilisha changanya taratibu kwa siku saba. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha, maji yanatosha. Omena ya kuchemsha bila chumvi wala kitunguu ni kitafunio kizuri, lakini ugali na omena kila siku hapana. Paka bila taurini ya kutosha, kirutubisho asichoweza kukikosa, anapofuka na moyo unalegea, kwa hiyo msingi uwe chakula cha paka, kilichoandikwa ni cha watoto.

Kulala: boksi la katoni, tundu moja, sweta ya mitumba iliyofuliwa. Julai na hii baridi yetu, chupa ya maji ya moto ndani ya soksi, upande mmoja tu wa boksi ili akisikia joto limezidi ahame.

Roshani sasa, na hapa sina haraka. Ndiyo, wavu nauza mimi, lakini hata ukinunua kwa mwingine fanya hivi. Grili za majengo yetu zina nafasi ambayo mtoto wa paka anapita akiimba. Chukua waya wenye matundu ya nusu inchi, utandaze kwa nje ya vyuma, uzidishe sentimita 10 chini na pembeni. Funga kwa vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, vyeusi, siyo vyeupe, maana vyeupe jua la hapa linavikausha vikakatika. Kimoja kila sentimita 15, na chini kabisa kila 10.

Kona ya chini. Kevo, karibia, karibia zaidi. Upepo huo... shika vizuri. Hii kona, waya unapopinda, unainuka. Ukitazama kwa juu unaona umefungwa. Piga magoti utazame kwa chini, utaona mdomo umeachama. Kunja kwanza, funga baadaye. Ukifunga kabla ya kukunja, kona itaachama tu. Kunja, kanyaga kwa kiatu, weka vikamba vitatu hapo hapo, kisha pima kwa vidole viwili. Ncha za waya zielekee nje.

Honi hiyo ni ya matatu, msijali.

Siku akifika, weka kikapu ndani ya chumba, fungua mlango wa kikapu, toka. Akipitisha muda wa saa mbili bila kutoka, mwache. Akipitisha muda wa saa 12 bila kula, au akiharisha na kulegea, mpeleke kwa daktari. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete. Na kama bado una paka mwingine nyumbani, wasionane wiki mbili za kwanza, kila mmoja na bakuli lake na choo chake.

Wanaotaka wavu: pimeni upana na kimo cha roshani kwa futi ya fundi, siyo kwa macho, mwongeze zile sentimita 10 kila upande kabla ya kuagiza. Waya ukifika mfupi haurudishwi, nishaukata.