Vidonge vya Kukojoza na Ubongo wa Bondia

Makocha, mapromota, mabondia, na nyie mnaosimama kona na ndoo mkononi, habari za mchana.

Tuanze na jina la dawa zilizokatazwa michezoni. Kenya wanaziita dawa za kututumua misuli. Magazeti ya Dar es Salaam huandika dawa za kuongeza nguvu. Majina yote mawili yanatupumbaza kidogo, kwa sababu dawa inayopaswa kutukosesha usingizi kwenye ngumi za kulipwa haitutumui msuli wowote wala haimwongezei mtu nguvu. Inamkojoza. Ni kidonge kidogo, bei ya chini, na muuzaji wa duka la dawa mtaani mara nyingi haombi hata cheti. Furosemaidi, wengi mnaijua kwa jina la Lasix. Imo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi, ya dawa zilizokatazwa wakati wote, siku ya pambano na siku isiyo ya pambano, kwa sababu mbili: inashusha uzito kwa ujanja, na inauzimua mkojo hadi dawa nyingine zilizomo zisionekane kirahisi.

Bondia anaimeza kwa nini? Kwa ajili ya mizani.

Chukua bondia wa uzito wa welta. Kikomo chake ni kilo 66.68. Wiki moja kabla ya kupima yuko 73. Ana kilo sita na ushee za kutoa, na kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo hata akikimbia asubuhi na jioni hesabu inagoma. Kitakachotoka ni maji na kilichomo tumboni. Siku nne au tano za mwisho anaacha ugali, wali na chapati. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, gramu 400 hadi 500, unatumika, na kila gramu ilikuwa imeshika gramu zipatazo tatu za maji. Hapo zimeondoka kilo moja na nusu hadi mbili na mtu bado anacheka. Akipunguza chumvi na vyakula vyenye makapi mengi, utumbo ukawa mtupu, inaondoka nusu kilo nyingine, pengine zaidi. Mpaka hapo kocha mwenye akili anaweza kusimamia bila kumuumiza mtu.

Shida ni kilo tatu na kitu zilizobaki. Hizo zinatolewa kwa jasho: suti ya nailoni, kamba ya kuruka, chumba kilichofungwa madirisha, beseni la maji ya moto, na kutema mate kwenye chupa. Hapa pwani kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisisitizi sana. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Mwezi wa pili Tanga au Mombasa, hewa imeshiba unyevu, jasho linadondoka chini tu, halikauki, na ndani ya ile suti ndiyo kabisa. Uzito unashuka huku joto la mwili likipanda. Bondia akianza kujibu mambo yasiyoulizwa, akayumba, hilo si uchovu wa mazoezi. Mvue suti, mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee, mpelekeni hospitali. Mizani isahauliwe siku hiyo.

Usiku wa mwisho zimebaki gramu 800 na jasho limegoma. Ndipo mtu anatoa kidonge. Kinaanza kazi ndani ya saa moja na kuendelea kwa muda wa saa sita hivi. Lakini maji hayatoki peke yake. Yanatoka na sodiamu na potasiamu. Potasiamu ndiyo inayopanga mapigo ya moyo, kwa hiyo mkakamao wa misuli mnaouona ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa hamuioni. Figo nazo, zilizokwisha kunyimwa maji, zinakamuliwa mara ya pili.

Hata wakubwa wamenaswa. Julio Cesar Chavez Jr alikutwa na furosemaidi Novemba 2009 huko Las Vegas, ushindi wake ukafutwa na akafungiwa. Mwaka 2017 Luis Ortiz, mzito wa juu asiye na kikomo cha uzito cha kuhangaikia, alikutwa na dawa ya kukojoza na pambano lake na Deontay Wilder likavunjwa. Alieleza kuwa ni dawa ya presha. WBC, moja ya mashirika ya dunia yanayotoa mikanda ya ubingwa, ilimwelewa lakini ikamtoza faini kwa kutoitaja kwenye fomu, wakapigana mwaka uliofuata. Kwa hiyo kama bondia wako ana presha, andika jina la dawa kabla hajapimwa na uombe kibali cha matibabu mapema. Maelezo yanayotolewa baada ya kukamatwa hayana uzito uleule.

Tukishapima uzito, tuna takriban saa 24 hadi 30. Kosa la kwanza ni kumpa bondia maji matupu, chupa baada ya chupa. Yanapunguza chumvi ya damu, anakojoa yote, na akizidisha sana anapata kichwa kuuma na kichefuchefu ambacho kesho yake daktari hawezi kukitofautisha na jeraha la ubongo. Tumia ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, uleule wa watoto wanaoharisha. Lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za potasiamu kloraidi na 2.9 za sitireti. Someni pakiti, kwani zipo za nusu lita na za lita nzima. Kiasi ni mara moja na nusu ya kilichopotea: jasho la kilo tatu, lita nne na nusu. Anza na kama lita moja kwa saa ya kwanza, polepole, kisha robo lita kila baada ya dakika ishirini au thelathini, na wali na ndizi katikati. Mkojo uwe rangi ya maji ya limau kabla hajalala.

Kosa la pili ni dripu ya hotelini. Chupa ya kawaida ina mililita 500. Kanuni ya WADA inaruhusu mililita 100 tu kwa kila muda wa saa 12, isipokuwa mtu amelazwa, anafanyiwa upasuaji au uchunguzi hospitalini, au ana kibali. Haijalishi kuwa ndani ni maji ya chumvi tu. Muuguzi akishaning'iniza ile chupa kwenye kabati, mmevunja kanuni.

Hata ukifanya yote sawasawa, damu hujaa mapema lakini seli huchelewa. Anaingia ulingoni uso umenawiri na uzito umerudi, ila ndani bado hajamaliza kujaa. IBF, shirika jingine la mikanda, angalau kwa miaka mingi imekuwa na mizani ya pili asubuhi ya pambano la ubingwa: usizidi kikomo kwa zaidi ya ratili kumi, yaani kilo 4.5. WBC hupima siku 30 kabla, mtu asizidi asilimia kumi ya kikomo. Kwa maoni yangu mapambano ya raundi nane ya kwetu yanazihitaji sheria hizi kuliko yale ya televisheni, kwa sababu huku pambano linaweza kupokelewa kwa simu siku kumi kabla.

Sasa zile dawa za msuli wenyewe. Nandroloni na stanozololi ni steroidi, yaani homoni za kiume za kutengenezwa. Zinamwezesha mtu kupiga mazoezi mazito asubuhi na jioni bila kuchakaa. Ostarini inafuata njia hiyo kwa mlango mwingine. Klenbuteroli huchoma mafuta na kuutimua moyo mbio. EPO, homoni ya kuchoma sindano, inaongeza chembe nyekundu za damu ili raundi ya kumi ifanane na ya tatu. Fikirini hii ya mwisho pamoja na niliyosema juu ya maji: damu iliyokwisha kufanywa nzito kwa EPO, ikakaushwa tena kwa suti na kidonge. Hapo ndipo damu inapoganda ndani ya mshipa. Mwaka 2019 Jarrell Miller alinyang'anywa pambano lake na Anthony Joshua baada ya sampuli zake kukutwa na GW1516 (dawa ya kuongeza pumzi), homoni ya ukuaji na EPO. Nafasi yake alipewa Andy Ruiz, na mnajua kilichotokea Juni ile: Joshua alipigwa.

Kwenye riadha anayedanganya anaiba medali. Kwenye ngumi nguvu ile ya ziada inatua juu ya kichwa cha mtu ambaye hakumeza kitu.

Lakini tuwe waangalifu na neno "anatumia". Kushukiwa ni jambo moja na kuthibitishwa ni jingine. Canelo Alvarez alikutwa na klenbuteroli Februari 2018 akasema ni nyama ya Mexico, ambako wafugaji wamewahi kuitumia kunenepesha ng'ombe. Alifungiwa miezi sita hata hivyo. Conor Benn alikutwa na klomifeni, dawa ya uzazi inayoweza kupandisha homoni ya kiume, mwaka 2022, pambano lake na Chris Eubank Jr likavunjika wiki ileile, na mwaka 2024 jopo la Uingereza likaamua shtaka halikuthibitika. Ryan Garcia alikutwa na ostarini Aprili 2024, kwenye sampuli za siku moja kabla na siku ya pambano na Devin Haney, baada ya kuzidi uzito kwa ratili 3.2. Ushindi wake ukafutwa, akafungiwa mwaka mmoja. Alisema hakutumia kwa kujua. Kopo la unga wa protini lisilo na nembo ya maabara iliyoupima linaweza kukuletea hayo, na zile dawa za nguvu za kienyeji ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua kilichosagwa humo.

Siku ya kupimwa, bondia achague kikombe mwenyewe kati ya vilivyofungwa. Anakojoa mbele ya ofisa wa jinsia yake, angalau mililita 90. Anagawa kwenye chupa A na B kwa mkono wake, anafunga, anasoma namba za chupa na za fomu kwa sauti. Mkojo mwepesi mno haupokelewi, atakaa hadi atoe mwingine. Ataje kila alichomeza siku saba zilizopita: dawa ya mafua, tramadoli (imekatazwa siku za mashindano tangu Januari 2024), sindano ya goti ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Na mapromota mjue kuwa kupima usiku wa pambano peke yake kunakamata wazembe tu. EPO huonekana kwa siku chache. Anayejua kalenda ameshaacha. Kipimo chenye maana ni cha kugonga mlango kambini bila taarifa.

Nimebakiza ubongo makusudi.

Kati ya ubongo na fuvu kuna mishipa midogo inayovuka kama vidaraja. Ngumi ya kidevuni inazungusha kichwa ghafla, ubongo unachelewa kukifuata, kidaraja kinakatika. Madaktari wengi wa ulingoni wanaamini kuwa ubongo uliopungukiwa maji unaviacha vidaraja hivyo vimevutika tangu kabla ya kengele. Damu inavuja taratibu, na ndiyo maana mtu huongea kwanza. Robert Wangila, Mkenya aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, alisimamishwa na mwamuzi raundi ya tisa huko Las Vegas Julai 1994. Alilalamika kuwa angeweza kuendelea. Alipoteza fahamu chumbani, akapasuliwa, akafariki akiwa na miaka 26. Agosti 2025 pale Korakuen, Tokyo, mabondia wawili wa usiku mmoja, Shigetoshi Kotari na Hiromasa Urakawa, walipasuliwa kwa jeraha la aina hii hii na wote wawili wakafa.

Kwa hiyo kazi ya kona haiishi kengele ya mwisho ikilia. Chumbani, mmoja wenu akae naye, asiwe anayepiga picha. Washa tochi ya simu, ilete kutoka pembeni, jicho moja kisha la pili: mboni zisinyae sawasawa. Moja ikibaki kubwa, mnaondoka kwenda hospitali. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, kuuliza swali lilelile mara tatu, mguu mmoja kuburuta, usingizi mzito: mnaondoka. "Mwacheni apumzike" ndiyo sentensi iliyoua watu. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwani zote zinaendeleza kuvuja. Akiwa mzima, asilale peke yake usiku ule. Aliyeanguka kwa KO akae siku 60 bila kupigwa kichwani, na sparingi nayo ni kupigwa kichwani.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1981 ulionyesha kuwa waliopasuliwa ndani ya muda wa saa nne tangu kuumia (nasema urefu wa muda, si saa nne usiku, ambapo mapambano yetu ndiyo kwanza yanapamba moto) walifariki asilimia 30. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 90. Na Michael Watson, aliyeanguka London Septemba 1991 baada ya kupigana na Chris Eubank, alipelekwa kwanza hospitali isiyo na upasuaji wa ubongo. Alikaa siku 40 bila fahamu, akapasuliwa mara sita. Baadaye mahakama ya rufaa ikawakuta na hatia ya uzembe waliosimamia mchezo, si aliyempiga.

Dar es Salaam, upasuaji huo upo MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili. Nairobi, upo hospitali ya Kenyatta. Promota apige simu huko mchana wa pambano, asingoje usiku, aulize mambo mawili: mashine ya CT, ya kupiga picha ya ubongo, inafanya kazi leo? Daktari wa upasuaji wa ubongo wa zamu ni nani, na anapatikana kwa namba gani? Gari la wagonjwa lisimame likiangalia geti, pasiwe na gari lingine lililoegeshwa mbele yake, na oksijeni iwe imefunguliwa na kujaribiwa. Likiondoka na bondia mmoja, pambano linalofuata halianzi mpaka lirudi au lije lingine.

Karibuni maswali.