Hadithi Zetu Huishia Kwenye Pingu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi na wageni wote mliofika,

Nimeombwa nizungumzie uhalifu na haki jinai katika hadithi na filamu zetu, nami nitashika jambo moja tu: hadithi nyingi za upelelezi tunazozipenda humalizika pale mtuhumiwa anapotiwa pingu, ilhali kwa sheria hapo ndipo shauri linapoanza.

Sikuja kuyabeza mapokeo haya. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika riwaya iliyochapwa mwaka 1960, alimpa msomaji wa Kiswahili mpelelezi anayeshinda kwa kuwaza. Wakafuata Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na vitabu vyao vikaazimwa mkono kwa mkono hadi majalada yakachakaa. Kwa maoni yangu, kadiri miaka ilivyopita fikra zilipungua na ngumi zikaongezeka, na filamu zetu zimerithi zaidi hizo ngumi.

Chukueni tukio tulilolizoea: mpelelezi anamfungia mtuhumiwa chumbani, anampiga, mtuhumiwa anakiri, nasi tunashangilia. Katika mahakama zetu za Tanzania kipigo hicho ndicho kinachoweza kumwokoa mhalifu halisi, na kikimwangukia asiye na hatia kinaweza kumfikisha kwenye adhabu ya kifo. Maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, hupokelewa kuwa ushahidi iwapo tu yalitolewa kwa hiari, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuithibitisha hiari hiyo. Mshtakiwa akidai kwamba aliteswa, Mahakama Kuu husimamisha shauri lenyewe na kuendesha kesi ndani ya kesi, ambamo askari aliyeandika maelezo huhojiwa mtuhumiwa alikamatwa saa ngapi, alifikishwa kituoni saa ngapi, alielezwa haki zake na nani, na kalamu ilianza kuandika lini. Maswali ya saa si ya bure. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka muda wa msingi wa saa nne wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na muda huo hauongezwi bila kufuata utaratibu; Mahakama ya Rufani imekwisha kuyatupa maelezo yaliyochukuliwa nje yake. Mwandishi hodari angeweza kujenga riwaya nzima juu ya saa ya ukutani ya kituo cha polisi, na msomaji asilale.

Anayeshtakiwa kwa mauaji hapa jijini Dar es Salaam huweza kufikishwa kwanza Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, asitakiwe kujibu lolote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kosa hilo, akaambiwa upelelezi haujakamilika, akarudishwa mahabusu kwa sababu kosa lake halina dhamana. Mtaani watu husema amefungwa. Wa kosa dogo akipata dhamana, ambayo ni haki yake, husema amehonga. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayokataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika, haina nafasi katika mazungumzo hayo.

Ndiyo maana magazeti yetu yanaweza kuandika kwamba kijana aliuawa na “wananchi wenye hasira kali”, na msomaji akageuza ukurasa. Sidai kwamba riwaya ndizo zinazobeba mawe na matairi. Ninadai kwamba tumeyazoesha macho yetu kuamini kuwa aliyekamatwa ndiye aliyetenda, na katika kelele za “mwizi” zinazopigwa Tandale au Manzese mazoea hayo yanaua.

Zamani tungeweza kujitetea kwamba kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na mashauri kwa kawaida husikilizwa mbele ya umma. Basi waandishi wenzangu, na ninyi mnaoandika miswada ya filamu, nendeni mkaketi kwenye yale mabenchi asubuhi nzima, msikilize mashahidi wakihojiwa, kisha muandike sura zinazofuata baada ya pingu.