Hori la Chuma: Kagua Maungio Kabla Hujasifu Bati

Haya, karibuni zizini. Leo tunachagua hori la chuma, la ng'ombe na la kondoo. Niseme mapema: ndiyo, mahori nauza. Kwa hiyo nisikilizeni huku mmeshika pochi zenu vizuri, na vipimo nitakavyotaja mwende navyo kwa fundi yeyote mnayemtaka.

Tuanze na unene, haraka haraka. Bati hupimwa kwa geji, na geji inakwenda kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 20 ni kama milimita 1, geji 16 kama milimita 1.5, geji 14 kama milimita 2. Kwa ng'ombe mimi nachukua 16 au 14. Kondoo, 18 inawatosha. Bonyeza kitako cha hori kwa kiganja. Kikibonyea na kulia kama debe tupu, liache hapo hapo. Tusonge.

Sasa hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mahori mawili yamesimama, yote yanang'aa, yote muuzaji anasema yana zinki. La kwanza lilikatwa, likachomelewa, ndipo likazamishwa lote kwenye zinki iliyoyeyushwa, joto kama nyuzi 450 za selsiasi. La pili limetengenezwa kwa bati lililokuwa na zinki tayari, kisha likachomelewa. Ule moto wa kuchomelea umeunguza zinki pale pale kwenye maungio, yaani mahali maji na mabaki ya chakula yanapojikusanya! Hori huoza kuanzia kwenye maungio, bati likiwa bado zima kabisa.

Sogeza kamera hapa kwenye kona. Hapana, jua linatupiga, njoo upande huu. Eeh, hapo. Mnaona huo mstari unaong'aa kuliko sehemu nyingine? Hiyo ni rangi ya fedha, imepakwa kuficha. Ikwaruze kwa ukucha. Hii inabanduka, tazama. Zinki huliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone. Rangi ya kawaida inafunika tu, na ikipata ufa, kutu inaingia chini yake bila wewe kujua. Kama huna budi kununua lililochomelewa baadaye, dai maungio yapakwe rangi yenye zinki nyingi, ndani na nje.

Na anayelisha sileji, yaani majani yaliyovundikwa yakachachuka, asikie: sileji ina asidi, na asidi inaila zinki. Mabaki yasilale humo. Mwenye uwezo anunue stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, ile ya daraja la 304. Nenda na sumaku dukani. Ikivutwa kwa nguvu, hiyo siyo 304, hata muuzaji akiapa.

Tumefika kwenye ukingo, na hapa naomba msiruke mbele. Ukingo mzuri umekunjwa kabisa au umezungushiwa bomba. Kuukagua, chukua tambara la pamba, lipitishe ukingo wote, juu, kisha chini ya mkunjo. Tambara, si kidole! Chini ya mkunjo ndiko kunakobaki ncha za grainda ambazo macho hayazioni. Nenda taratibu, kona zote nne. Likinasa, simama, tafuta ncha. Narudia, maana najua kuna mtu ameshanyoosha kidole: tambara.

Ng'ombe anakusanya chakula kwa ulimi na kumeza bila kuchambua. Ncha inamchana. Na kipande cha waya kilichobaki ndani ya hori jipya kitamezwa, kitatua kwenye tumbo la pili, ambalo liko karibu na moyo, na kinaweza kutoboa hadi huko. Kwa hiyo ile sumaku ipitishe pia ndani ya hori, halafu lioshe, ndipo utie chakula.

Urefu sasa. Ng'ombe mzima mpe sentimita 60 hadi 75 za ukingo, kondoo mkubwa 40 hadi 45. Wakila pande zote mbili, hesabu pande zote. Kitako cha hori la ng'ombe kiwe juu ya usawa wa kwato kwa sentimita 10 hadi 15, na ukingo usifike kooni. Mpime mnyama mfupi kuliko wote, sio yule dume unayependa kumpiga picha.

La kondoo... wewe! Shuka! Mnaona? Nilikuwa nakuja huko, ameniwahi. Kondoo akipata nafasi anaingia na kwato zake na samadi yake. Hori lao liwe na bomba linalopita katikati kwa juu, kutoka ncha hadi ncha. Mtoe huyo, tuendelee.

Tundu la kutolea maji. Mimina kikombe cha maji ndani, uone yanakokwenda. Tundu liwe hapo, si pale fundi alipoona pazuri. Kama tundu limetobolewa baada ya zinki, kingo zake ziko uchi, zipake. Kwa wanaochanganya yurea kwenye chakula cha mifugo hili ni la kufa na kupona: mvua ikituama humo inaiyeyusha, mnyama akiyanywa maji yale anapata sumu.

Mwisho, hori moja kwa ng'ombe na kondoo? Kwa majani makavu, sawa. Kwa chakula cha ng'ombe cha kiwandani, hapana. Mara nyingi kimeongezwa shaba, na kondoo hawaimudu. Inajikusanya kwenye ini kimya kimya mpaka siku anaanguka. Nunua mawili, na la kondoo liandike kwa rangi. Andika upande wa nje, maana ndani watailamba.