Ratili ya Nyama na Gunia la Korosho: Tamthiliya za Kale Katika Shule Zetu

SOMOE: Shikamoo, Mwalimu.

HAMISI: Marahaba, dada Somoe. Wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kwingineko, asalaam aleykum, na tumsifu Yesu Kristo.

SOMOE: Leo ninaanza na jambo la nyumbani kwangu. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi nilimkuta barazani akikariri dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi wa tamthiliya moja iliyo katika orodha ya vitabu teule. Nilipomwuliza mhusika mkuu alikufaje, hakujua, kwa sababu kitabu chenyewe hakuwa amekifungua. Alikuwa amesoma kijitabu cha maswali na majibu. Na tamthiliya hiyo ni ya miaka ya karibuni, imeandikwa kwa Kiswahili chetu wenyewe. Sasa wapo wanaotaka tuwarudishe darasani waandishi kama Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616. Ikiwa kitabu cha jana kinakaririwa namna hiyo, cha karne nne kitafanywa nini?

HAMISI: Mimi naona ushahidi wako umesimama upande wangu. Binti hakushindwa na umri wa kitabu, maana kitabu hakina umri. Ameshindwa kwa sababu tamthiliya iliandikwa isemwe kwa sauti mbele ya watu, na sisi tumeigeuza kuwa orodha ya kujibia mtihani. Mwaka 1599, Julius Caesar ya Shakespeare ilipoonyeshwa London, wanagenzi wa ufundi na wachuuzi walilipa peni moja wakasimama uwanjani mbele ya jukwaa tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyewauliza falsafa ya mwandishi.

SOMOE: Watu hao walikuwa wanaisikia lugha yao, Mwalimu. Mtoto wa Newala amelelewa katika Kimakonde, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anapewa masomo karibu yote kwa Kiingereza. Ukimwongezea Kiingereza cha mwaka 1599, ambacho kijana wa Uingereza mwenyewe leo hakisomi bila maelezo ya pembeni, umemfundisha jambo moja tu, kwamba fasihi ni kitu cha kumwonyesha yeye hajui.

HAMISI: Hapo sina ubishi, na ndiyo maana sidai zifundishwe kwa Kiingereza. Tumesahau kwamba kazi hii ilikwisha kufanywa. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa na yeye mwenyewe akiwa ndiye Rais. Hakuridhika nayo, akaipitia upya ikatoka tena mwaka 1969. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. S. S. Mushi naye akatafsiri Makbeth na Tufani, zote za Shakespeare, na mwaka 1971 Mfalme Edipode, tamthiliya ya Sophocles wa Ugiriki yenye zaidi ya miaka elfu mbili na mia nne. Watu hawa waliamini kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo huo, na kilibeba.

SOMOE: Kilibeba, lakini nakala ziko wapi? Nimetafuta Mabepari wa Venisi hapa mjini Mtwara nikaikosa, hadi ndugu yangu alipoipata Dar es Salaam kwa muuza vitabu chakavu.

HAMISI: Hilo ni kweli na linaniuma. Lakini kwa kuwa umeitaja, niruhusu nieleze kilichotokea nilipoisoma na wanafunzi wangu katika shule moja ya Masasi. Tazama kwanza jina. Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venice. Nyerere akaandika mabepari, tena kwa wingi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, tayari umeulizwa swali: ni nani hasa bepari katika mambo haya, mkopeshaji peke yake, au na hao wanaomdharau mchana na kumwendea wakiwa na shida?

Basi tulisoma kwa sauti onyesho la mkopo. Dukati elfu tatu, muda wa miezi mitatu, na mdaiwa akishindwa kulipa anakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumsikia akizungumza darasani, akasema, "Mwalimu, hii ni kangomba."

SOMOE: Tuwaeleze wasikilizaji walio mbali na mikoa ya korosho.

HAMISI: Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu. Mkulima anapatwa na shida wakati wa kiangazi, pengine ada au msiba, wakati mikorosho haijazaa. Anatokea mtu mwenye fedha, anampa kiasi kidogo, na msimu ukifika anakuja kuchukua magunia kwa bei waliyopatana siku ya shida, hata kama mnadani bei imepanda mara kadhaa. Kijana yule alikuwa amefika mahali ambapo mimi, baada ya kufundisha miaka mingi, sikuwa nimefika. Darasa likawaka. Binti mmoja akasema kwamba baba yake aliuza korosho za msimu ujao ili yeye apate sare za shule, na kwamba mnunuzi alikuwa jirani yao, si mtu mwovu, na alisaidia wakati ndugu hawakusaidia. Wengine wakasema jirani huyo ndiye Shylock, yule mkopeshaji wa tamthiliya. Tulipofika mahakamani, Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anaposema kwamba mkataba unaruhusu nyama lakini haukutaja hata tone moja la damu, walipiga meza kwa furaha. Kipindi kilikwisha na hawakutaka kutoka.

SOMOE: Nimeguswa, na nisingependa binti yangu akose kipindi kama hicho. Lakini Shylock ni Myahudi, anatukanwa kwa Uyahudi wake, na mwishoni analazimishwa kubadili dini ili aachwe hai. Mtoto wa Masasi hajapata kumwona Myahudi hata mmoja. Anapopiga meza kwa furaha, anafurahia nini? Je, haya uliyafundisha?

HAMISI: Mwaka ule sikuyafundisha. Nilipendezwa mno na kangomba, nikamwacha Shylock awe mnunuzi tu, na wanafunzi wale walimaliza shule wakiwa wamefurahia kudhalilishwa kwa mtu kwa sababu ya imani yake. Nalijutia jambo hilo mpaka leo. Mwaka uliofuata nilianza na maneno yake mwenyewe, pale anapouliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Kisha nikawaeleza kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi zaidi ya miaka mia tatu baadaye, kwa hiyo watazamaji wengi wa Shakespeare walikuwa kama wanafunzi wangu, wakimcheka jirani ambaye hawakuwahi kuishi naye. Darasa lilinyamaza, na hakuna aliyepiga meza.

SOMOE: Hiyo ni kazi ya vipindi vingi na ya mwalimu aliyejiandaa, na shule zetu nyingi hazina vyote viwili. Na tukipata vipindi hivyo, kwa nini tusivitumie kwa mambo yetu? Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika Kinjeketile mwaka 1969 kuhusu vita vya Majimaji vilivyowaka katika vilima vya Wamatumbi mwaka 1905, katika mkoa wetu wa Lindi. Na kabla yake tunayo mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mchezaji anavaa kinyago cha mti mwepesi, anaficha mwili wote, anatoka na ngoma akimwigiza mzee, mtawala au mlevi, na kijiji kizima kinamtambua anayeigizwa bila kumjua anayeigiza. Kama hiyo si tamthiliya ya kale, basi sijui tamthiliya ni nini.

HAMISI: Ni tamthiliya, tena ya juu kabisa. Lakini fikiria mapiko yakiingia katika orodha ya mtihani. Kitu ambacho wewe na mimi tulilelewa kukiheshimu kwa siri yake kitaandikwa ubaoni: dhamira, ujumbe, falsafa. Mapiko yaletwe shuleni na wenyewe, uwanjani, jioni. Ama Kinjeketile, mimi ningeifundisha bega kwa bega na Makbeth. Katika zote mbili, neno linatoka kwa mizimu au wachawi, linaaminiwa kupita kiasi, kisha linawageukia walioliamini. Lakini Makbeth anaua ili atawale, wakati Kinjeketile anatafuta kuwaunganisha watu wake, na mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yake, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua adui atalitumia tamko hilo hata kwa watoto ambao hawajazaliwa. Mwanafunzi akisoma moja tu, atadhani neno la mizimu ni ushirikina na hadithi imekwisha.

SOMOE: Nakubali kuziweka pamoja. Ninachokataa ni kuitahini hiyo ya kale. Iigizwe, ijadiliwe, isiwe na alama, maana alama ndizo zilizomleta binti yangu kwenye kijitabu cha majibu.

HAMISI: Nimekaa shuleni muda mrefu, dada yangu. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Ikifika Septemba, mkuu wa shule ataziba kipindi hicho kwa hisabati.

SOMOE: Basi hapo hatujapatana.

HAMISI: Hatujapatana.

SOMOE: Ile nakala chakavu bado iko nyumbani. Leo usiku nitakaa na binti barazani tusome onyesho la mahakama. Unashauri nimpe sehemu ya nani?

HAMISI: Mpe Shylock, wewe ushike Portia. Na asisome ameketi. Asimame.