Waya wa antena ya zamani hauwezi kazi ya dishi

Haya jamani tuanze. Leo naongelea waya, sio dishi wala king'amuzi, ni ule waya unaotoka juu ya paa ukaingia sebuleni. Mtu ananunua dishi jipya, LNB mpya (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi), king'amuzi kipya, alafu fundi akiona ukutani kuna waya wa ile antena ya zamani anasema huu huu unatosha, anafunga, picha inatoka, analipwa anaondoka. Miezi michache mbele chaneli zinaanza kupotea moja moja na mwenye nyumba anaambiwa LNB imekufa, ananunua nyingine, tatizo liko palepale. Hiki kitu kinaniuma kwa kweli, maana watu wanatupa vifaa vizima.

Sasa kwa nini waya uliokuwa unaleta picha safi miaka yote leo ushindwe? Satelaiti za bendi ya Ku zinashusha mawimbi kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, masafa hayo ni makubwa mno kwa waya wa nyumbani, kwa hiyo LNB inayashusha kwanza mpaka megahezi 950 hadi 2150 ndo yaingie kwenye waya. Antena ya kawaida ya UHF juu kabisa ilikuwa inafika kama megahezi 860. Yaani pale waya wa zamani ulipokuwa unamalizia kazi yake, kazi ya dishi ndo kwanza inaanza. Na waya wowote, masafa yakipanda na upotevu unapanda. Chukua mita 30 kwenye megahezi 2150, RG-6 nzuri (ule waya mnene wa dishi) inapoteza kama desibeli 10, desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, RG-59 (ule mwembamba, kama wa antena ya zamani) yenye povu ndani inapoteza 12 au 13, hiyo tofauti ya desibeli 3 ni nusu ya nguvu imeondoka. Na zile RG-59 za zamani zaidi zenye plastiki ngumu ndani badala ya povu ni mbaya kuliko hapo. Ndo maana zinazotangulia kupotea ni chaneli za juu: ya gigahezi 12.7 inashuka kwenye waya ikiwa karibu megahezi 2100, ya 10.7 inashuka ikiwa kama 950, kwa hiyo ukiona za chini zinaonyesha na za juu zinakatakata, kabla hujapanda kwenye paa kagua waya.

Lakini nisingependa mtoke hapa mnajua desibeli tu. LNB yenyewe inakuza mawimbi kwa desibeli 50 hadi 60, kwa hiyo kwa umbali mfupi waya mbovu unaweza ukabebwa na hiyo nguvu na picha ikatoka vizuri tu. Ninachokiogopa zaidi ni umeme. Ule waya haubebi picha peke yake, king'amuzi kinapandisha umeme kwenda kwa LNB kwenye uzi huohuo wa katikati, volti 13 kwa mawimbi ya wima na volti 18 kwa mawimbi ya mlalo, na juu yake kuna mlio wa kilohezi 22 wa kuiambia LNB ihamie bendi ya juu, yaani masafa ya juu ya satelaiti. Nyaya nyingi za bei ya chini uzi wake wa katikati ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mawimbi haina shida, maana masafa makubwa yanapita kwenye ngozi ya uzi, hiyo shaba kidogo inatosha. Umeme wa LNB ndo unapita kwenye uzi mzima, na chuma kinauzuia. Uzi wa shaba tupu wa milimita 1 una ukinzani wa kama omu 2 kwa mita 100, wa chuma wa unene huohuo unafika mara tatu mpaka tano ya hapo, na ukiwa mwembamba wa RG-59 unazidi tena. Ongeza viungo vya kusokota na tepu ambavyo unavikuta ukutani, ongeza konekta iliyoota kutu, basi zile volti 18 zikifika juu zikiwa chini ya 15 hivi, LNB inaelewa umeiambia 13, inabaki kwenye wima. Chaneli zote za mlalo zinapotea kwa mkupuo, za wima ziko safi. Mkiona dalili hii msiguse dishi, pimeni volti kule juu LNB ikiwa imeunganishwa, kwa sababu ikiwa imechomolewa haivuti umeme na mita itawaonyesha 18 nzuri kabisa ya uongo.

Kingine ni kinga ya nje. Chana ganda la waya wa zamani uone, nyuzi chache za shaba zilizosukwa kwa mapengo, foili hamna. Minara na simu za mkononi zinatumia masafa ya megahezi 1800 na 2100, simu za mezani zisizo na waya za mfumo wa DECT ziko 1880 mpaka 1900, yote hayo yako ndani ya masafa ya dishi yakiwa kwenye waya, kwa hiyo yanaingia kwenye hayo mapengo na kuharibu chaneli fulani fulani tu. Waya unaofaa una foili na msuko mzito juu yake.

Maji nayasema haraka. Yanaingia kwenye konekta ya juu, yanatembea ndani ya msuko mpaka chini, shaba inakuwa ya kijani au nyeusi. Ukikata ncha ukakuta weusi, kata tena mbele, ukikuta bado, huo waya umekwisha.

Kuna ndugu ameuliza kama akiweka kikuza mawimbi pale nyuma ya king'amuzi itasaidia. Hapana, pale kinakuza na uchafu ulioingia njiani, na chenyewe kinakula umeme uleule ambao tayari hautoshi. Na maandishi ya RG-6 kwenye ganda yasiwatulize, hilo jina lilianzia jeshini Marekani na leo hakuna anayelilinda, nyaya mbili zenye jina moja zinaweza kupishana sana, ulizeni uzi wa katikati ni shaba tupu au chuma.

Na dada pale nyuma ameuliza waya uko ndani ya ukuta, abomoe? Kama umepita kwenye bomba usibomoe, funga waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani kwa tepu nyembamba, mmoja avute huku mwingine anasukuma taratibu, kona msilazimishe. Kama umezikwa kwenye plasta bila bomba uache humohumo, pitisha mpya kwa nje, tengeneza mkunjo wa kudondosha maji kabla haujaingia ndani, na konekta ziwe za kubanwa kwa mashine, zile za kuzungusha kwa mkono usizikubali hata fundi akikwambia ni sawa tu.