Tiba ya Upumuaji Iingie Kwenye Ikama

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari, wauguzi wenzangu, wataalamu wa dawa za usingizi na ninyi wanafunzi mliotoka zamu na kuja moja kwa moja hapa Upanga, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa muuguzi wa zamu ya usiku katika chumba cha wagonjwa mahututi, tulimpokea mama mwenye urefu wa sentimita 155 na uzito wa kilo 90, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mashine ilipangwa imsukumie mililita 540 za hewa kwa kila pumzi, yaani mililita 6 kwa kila kilo ya uzito wake. Hesabu ilikuwa sahihi, ila tulianzia mahali pasipo sahihi, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayakui, na kiasi cha pumzi hutafutwa kwa urefu. Kwa urefu wa mama yule, uzito wa kukokotolea ni takriban kilo 48, hivyo pumzi yake ilipaswa kuwa kama mililita 287. Usiku kucha king'ora cha presha ya hewa kwenye mashine kililia, nasi tukakizima, kikalia tena. Alfajiri alifika mtaalamu wa usingizi, akauliza mgonjwa ana urefu gani, na hakuna aliyejua. Ikabidi tukaazime futi kamba wodi ya wazazi. Mama yule alipona, namshukuru Mungu, lakini kile king'ora bado nakisikia.

Hatukuwa wazembe. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa sita, na kazi ya upumuaji ilikuwa imegawanywa vipandevipande: muuguzi anafyonza makohozi, daktari anaandika namba, fundi sanifu wa vifaa tiba anaitwa mashine ikigoma, na katikati ya hao hakuna mwenye jukumu la kufuatilia pumzi ya mgonjwa tangu anapowekewa mpira wa kupumulia hadi anapotolewa. Jukumu hilo ndilo la mtaalamu wa tiba ya upumuaji, na ndilo ninalotaka liwe kada yenye jina, mafunzo na nafasi za ajira.

Kwa vifaa, tumepiga hatua, na ni haki tuseme hivyo. Mwaka 2021, katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na Uviko-19, sehemu ilikwenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuongeza upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Mtambo, hata hivyo, haujui mgonjwa yupi apunguziwe oksijeni na yupi aongezewe.

Walioanza zamani hawakufika kwa siku moja. Kule Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, polio ilipolemaza misuli ya kupumua ya mamia ya watu, wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana kuwapulizia wagonjwa hewa kwa mikono, usiku na mchana. Marekani chama cha kwanza cha fani hii kiliundwa Chicago mwaka 1947, ilhali sheria ya leseni ya California ilikuja mwaka 1982. Ni miaka 35. Sidhani kama nasi tunahitaji kusubiri kiasi hicho, kwa maana mfano tunao hapa hapa: mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura, na mwaka huo huo mafunzo ya ubingwa yakaanza. Huduma na mafunzo vilikwenda pamoja.

Baadhi yenu mna hofu kwamba kada mpya itawanyang'anya wauguzi na wataalamu wa usingizi kazi zao. Hofu hiyo naiheshimu, na dawa yake ni kukaa na mabaraza yenu kabla ya kuandika mtaala wowote, tukubaliane kwa maandishi nani anabadilisha mipangilio ya mashine, kwa idhini ya nani, na nani anawajibika mambo yakiharibika. Mimi mwenyewe ni muuguzi. Sitetei kitu kitakachowapunguzia wenzangu heshima.

Sasa nije kwenye utetezi wenyewe, ambao wengi hudhani ni kuandika barua kwa Waziri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hukaa kujadili bajeti kuanzia Aprili, lakini ikifika Aprili namba nyingi zimeshapangwa. Hoja yetu inapaswa iwe mezani wakati hospitali zinaandaa mipango yake na makisio ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, miezi kadhaa kabla. Nafasi isiyo kwenye ikama haina mshahara, na bila muundo wa utumishi mhitimu wetu ataajiriwa kwa cheo kingine, apangiwe kazi nyingine.

Tena twende na takwimu zetu wenyewe. Nimeandaa daftari la safu tano tu: urefu wa mgonjwa, kiasi cha pumzi kilichopangwa, siku alizokaa kwenye mashine, kama mpira ulichomoka bila kukusudiwa, na saa ambazo mashine ililala kwa kukosa mtu wa kuiendesha. Nakala ziko pale mlangoni. Wenye zamu usiku huu naomba mzichukue, na futi kamba nimeambatisha kwenye kila moja.